Jiwe la Kukaukia Machozi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu na atunufaishe kwa habari zao, kwamba palikuwa na mji bondeni ulioitwa Sahba. Kila alfajiri ukungu uliteremka kutoka mlimani ukatanda juu ya mapaa kama pamba iliyochambuliwa. Watu wa mji huo walizoea kuitana kwa sauti kabla ya kuonana kwa macho, na msafiri aliyepita hapo asubuhi hakujua kama ameshaamka au bado yumo usingizini.

Juu ya mji, chini ya jabali, palikuwa na chemchemi, na maji yake yalikuwa wakfu. Aliyeyaweka wakfu ni mzee mmoja mcha Mungu, na sharti lake halikuwa gumu kulielewa: maji yateremke kwa mfereji mpaka mtaa wa chini, kwa watu wasio na visima. Atakayepita njiani achote kwa mkono wake kadiri ya haja yake, lakini mtu asiigeuze njia ya maji. Usimamizi ukapita kwa watoto na kwa wajukuu, mpaka ukamfikia mjane mmoja, Bibi Rumaitha.

Bibi Rumaitha alikuwa mwanamke mpole, mchache wa maneno. Baada ya sala ya alfajiri alipanda ndani ya ukungu, akasema Bismillahi, akainua lango la ubao lililozuia maji usiku. Maji yakashuka yakinong'ona, na yeye akasimama kidogo kuyasikiliza. Zamani alikuwa akisimama na binti yake wa pekee, Sulafa. Mtoto huyo hakupenda kusimama. Alikaa ukingoni, akatia miguu majini, akatoa tende mbichi alizozificha katika pindo la nguo yake, akala huku akitikisa miguu, mpaka pindo likaloa na mama akamkaripia.

Kisha homa ikapita mjini, nayo haikumwacha Sulafa.

Bibi Rumaitha alisubiri subira ya waja wema. Hakupiga kelele, hakuchana nguo, alisema tu kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko tunakorejea. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomuuma ambalo hakumwambia mtu. Hakuwahi kumwota mwanawe. Alilala na udhu, alilala upande aliokuwa akilala mtoto, alilala na nguo yake ndogo chini ya shavu. Usingizi ulikuja mtupu, ukaondoka mtupu. Akawaona wengine wakiwaota wafu wao bila hata kuomba, naye akadhani pengine mtoto amemkasirikia kwa lile karipio la pindo lililoloa.

Sasa, watu wa Sahba walikuwa na desturi yao, nayo ndiyo sababu kisa hiki kikahifadhiwa. Mtu yeyote aliyetaka kutoa haki yake, iwe nyumba, iwe shamba, iwe usimamizi wa kitu, ilimpasa aende kwa kadhi. Kabla ya kadhi kusikiliza neno lolote, bawabu alimuuliza mlangoni: umekula? umelala? macho yako ni makavu? Mwenye njaa alirudishwa akale. Mwenye usingizi alirudishwa akalale. Na mwenye machozi alikalishwa juu ya jiwe refu lililokuwa nje ya ukuta wa mahakama, mahali penye jua, mpaka yakauke. Waliliita Jiwe la Kukaukia. Vizazi vingi vilikuwa vimelikalia mpaka likawa laini kama sabuni.

Akatokea mtu aliyeitwa Shuraihi. Alikuwa na bustani kando ya mlima, mbali kidogo na chemchemi, mahali ambapo maji hayakupita. Hakuwa mtu mwenye sauti kubwa wala mwenye mabavu. Alikuwa na maneno laini, na machozi yake yalikuwa karibu. Alikuja kumpa Bibi Rumaitha mkono wa taazia wakati watu wengine walikuwa wameshaacha kuja, akakaa kizingitini, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Mama yangu, alikuwa mtoto wa namna gani? Alipenda nini?"

Wengine walimwambia asubiri, kisha wakageuza mazungumzo. Huyu aliuliza, akanyamaza, akangoja. Bibi Rumaitha akafunguka kama mfuko uliokatwa kamba. Alimweleza miguu majini, alimweleza tende mbichi na pindo lililoloa, alimweleza mpaka namna mtoto alivyokuwa akicheka kwa pua. Shuraihi akalia pamoja naye, kisha akaaga kwa adabu.

Baada ya muda akamkuta kwenye lango la maji, ndani ya ukungu, sauti yake ikitangulia mwili wake.

"Mama yangu, sikutaka kuja. Nimejizuia, nimeshindwa. Nimemwona."

"Umemwona nani, mwanangu?"

"Katika usingizi. Ameketi ukingoni mwa mfereji, ana tende mkononi. Lakini haukuwa mfereji huu. Ulikuwa mkavu, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi."

Bibi Rumaitha akamgeukia. Alitaka kuuliza mtoto alisema nini, amevaa nini, alikuwa akicheka au la. Shuraihi alikuwa ameshageuka kwenda zake, na hakuomba chochote. Siku hiyo Bibi Rumaitha aliyasikia maji yakinong'ona jina la mwanawe mpaka jua lilipotua, asijue kama ni furaha au ni maumivu.

Shuraihi akarudi tena, na kila mara ndoto ilikuwa imesogea mbele kidogo, kama hadithi ya kumlaza mtoto. Mara Sulafa amekonda. Mara anatazama njia. Mwishowe ndoto ikafika mahali pake.

"Alinionyesha bustani," akasema Shuraihi, sauti yake ikitetemeka, "nayo ni bustani yangu, mama. Ile kavu iliyo kando ya mlima. Akaniambia, mwambie mama ainyweshe, na mimi nitanyweshwa. Ukigeuza maji yaingie kwangu, tutaiita bustani ya Sulafa. Kila tunda litakalookotwa na ndege au na maskini litakuwa sadaka yake inayoendelea."

Bibi Rumaitha aliyatazama maji yakishuka. Kisha akauliza polepole, "Na watu wa mtaa wa chini? Watakunywa wapi?"

Shuraihi akainamisha kichwa. Machozi yakamtiririka.

"Nilidhani utauliza habari za mwanao," akasema. "Sikulaumu. Kila mama ana kiasi chake."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki, likakaa pale lisimezeke wala lisitoke. Kabla hajaondoka Shuraihi akaongeza, "Usimwambie mtu. Ndoto ikipita midomo mingi huruka. Na lifanyike kabla mwezi haujaandama, kwa sababu aliniambia kwamba amechoka kungoja."

Bibi Rumaitha akaacha kula. Lango likawa linainuliwa jua likiwa limeshapanda. Asubuhi moja alifuatwa huko juu na Bibi Khairata, mfuaji nguo wa mtaa wa chini, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala, ambaye mikono yake ilikuwa myeupe kwa povu mpaka viwikoni.

"Mwenzangu, maji yamelala leo?" akasema. "Nimekaa na povu hili mikononi kama bibi harusi anayengoja hina ikauke. Bwana harusi mwenyewe hayuko."

"Nisamehe, Khairata. Nimepitiwa." Bibi Rumaitha akainua lango, kisha akauliza bila kumtazama, "Hivi wewe huwaota wafu wako?"

"Namwota marehemu mume wangu. Anauliza mchuzi uko wapi. Miaka yote hii, na hata huko aliko hajajifunza kupakua."

Bibi Rumaitha alitaka kucheka, ila kilichotoka ni machozi. Khairata akaacha mzaha. Hakuuliza. Alitoa kipande cha mkate kilichofungwa katika ncha ya mtandio, akakivunja, akampa.

"Kula. Siulizi una nini. Lakini macho yako yameingia ndani, na hata kama una shida ya kwenda kwa kadhi, bawabu atakurudisha kwa njaa hiyo."

Maskini Khairata, hakujua kwamba amegusa penyewe.

Bibi Rumaitha alikuwa ameshakata shauri. Alimwambia Shuraihi kwamba atatoa idhini, lakini atatoa mbele ya kadhi. Shuraihi hakupendezwa. Alisema mambo ya roho hayana haja ya mahakama, na kwamba yeye angeleta mashahidi wawili nyumbani, watu wema, wakamaliza pale pale kizingitini.

"Mambo ya roho hayana haja," akajibu Bibi Rumaitha, "lakini wakfu una haja. Siwezi kutoa maji ya watu nikiwa nimejificha."

Basi wakaenda pamoja. Ulikuwa wakati wa dhuha, ukungu umeanza kuchanika na jua linapenya kwa vipande. Bawabu alikuwa mzee aliyekuwa na kitambaa cheupe begani. Akauliza.

"Umekula, Bibi?"

"Nimekula."

"Umelala?"

"Nimelala kiasi."

"Na macho yako?"

Hapakuwa na haja ya kujibu, yalikuwa yakimwagika. Bawabu akamwonyesha Jiwe la Kukaukia kwa heshima, kama anayemkaribisha mgeni kitini. Bibi Rumaitha akaketi. Jiwe lilikuwa na joto la jua, na joto lile likampanda taratibu mgongoni, kama mkono wa mtu aliyemzoea. Shuraihi akaketi karibu naye.

Jua likafanya kazi yake. Pumzi ya Bibi Rumaitha ikatulia. Akasikia sauti za mji ambazo kwa muda mrefu hakuwa amezisikia: mbuzi, kinu, watoto wakirudia aya kwa mwalimu wao. Na chini kabisa, mbali, akasikia nguo zikipigwa juu ya mawe, pa, pa, pa. Ni wanawake wa mtaa wa chini, wakifua kwa maji ya alfajiri ile. Shavu lake likakauka, naye akasema kama anayezungumza peke yake:

"Lakini kweli, watafulia wapi?"

Shuraihi akamsogelea. "Alikuwa amelishika pindo la nguo yake, mama," akanong'ona. "Lile lililokuwa likiloa kila siku. Lilikuwa kavu kama jani."

Machozi yakarudi. Bawabu akachungulia, akatikisa kichwa, akasema, "Bado," akaingia ndani.

Jua likapanda tena juu ya jiwe. Kwa mara nyingine macho yakaanza kukauka, na kwa mara nyingine fikira ikaja, tulivu, kama samaki anayepanda juu ya maji yaliyotulia. Akamkumbuka babu yake aliyemfundisha kulishika lango, akakumbuka lile sharti. Akafungua mdomo.

"Alinyoosha mikono," akasema Shuraihi kwa haraka. "Alikuwa akikuita."

Yakamwagika tena.

Wakati huo Bibi Khairata alikuwa akipita na furushi la nguo za watu kichwani. Alipomwona rafiki yake juu ya jiwe alilitua, akaketi mwisho wa pili, akajipepea kwa ncha ya mtandio. Akatazama kwa muda. Kila bawabu alipochungulia na kusema bado, yeye akakunja uso.

"Bwana Shuraihi," akasema hatimaye, "mimi nguo zangu nikizianika siziloweshi tena. Nyinyi mnaanika namna gani?"

"Tupo katika majonzi, Bibi," akajibu Shuraihi kwa upole. "Haya si mambo ya mzaha."

"Nami sina mzaha. Nasema hazitakauka."

Bibi Rumaitha alilisikia neno hilo kama mtu anayesikia jina lake akiwa nusu usingizini. Akageuka akamtazama Shuraihi, na kwa mara ya kwanza akamtazama bila pazia la maji machoni. Akaona jambo. Macho ya Shuraihi hayakuwa yakimtazama yeye. Yalikuwa yakiyatazama mashavu yake, yakingoja yakauke kiasi cha kumridhisha bawabu, yakihofu yasije yakakauka zaidi naye akaanza kufikiri. Na katika utulivu ule akazikusanya ndoto zote moja moja. Miguu majini, alikuwa amemwambia mwenyewe. Tende mbichi, alimwambia mwenyewe. Pindo la nguo, alimwambia mwenyewe, pale kizingitini, siku ile ya mkono wa taazia. Hapakuwa na hata punje moja ambayo haikutoka kwanza katika kinywa chake yeye.

"Bwana Shuraihi," akasema. Hakumwita mwanangu. "Nina ombi moja dogo. Nyamaza. Ukae na mimi hapa, usinene neno, mpaka nikauke. Nikishakauka, kama moyo wangu bado unataka, nitaingia nitoe."

Shuraihi akakubali kwa kichwa. Akakaa. Aligeuza kilemba, akafungua na kufunga viatu, akatazama mlango. Jua likapita juu ya jiwe. Alikohoa, akaanza, "Ila yeye mwenyewe alisema..."

"Nyamaza," akasema Bibi Rumaitha, na hapakuwa na hasira katika sauti yake.

Khairata akaitazama hali ya Shuraihi, akamwinamia rafiki yake. "Machozi yake yana lango kama mfereji wako," akanong'ona. "Naona leo amelifunga."

Bawabu akachungulia. Akayatazama macho ya Bibi Rumaitha kwa makini, akakunja kitambaa chake, akasema, "Karibu, Bibi."

Kadhi alikuwa mzee wa sauti ndogo. Akamuuliza amekuja kutoa nini.

"Maulana," akasema Bibi Rumaitha, "nilikuja kugeuza maji ya wakfu kwa ajili ya binti yangu. Nimekauka, na nimeona kwamba machozi ni yangu, lakini maji si yangu. Nilikuwa nimeyachanganya."

Kadhi akamtazama, asimharakishe.

"Niliambiwa ndoto," akaendelea. "Sijui kama ni kweli au si kweli, elimu ya hayo iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini hata ikiwa kweli, je, mwanangu ananyweshwa kwa kiu ya watoto wa wenzangu?"

"Ndoto njema ni bishara," akasema kadhi. "Haihalalishi haramu, wala haihamishi wakfu. Na binti yako yuko kwa Mwenye kurehemu kuliko wewe na mimi. Mwombee dua. Dua haina mfereji, haimpunguzii mtu." Kisha akamgeukia Shuraihi. "Nawe, mwanangu, una neno?"

Shuraihi akasogea mbele. Watu waliokuwapo walitazamia alie, kwa sababu ndiyo ilikuwa tabia yake. Hakulia. Uso wake ulionekana mtupu na uliochoka, kama nyumba iliyohamwa.

"Miti yangu inakufa," akasema. "Ni miti ya baba yangu. Nilijua nikisema hivyo tu, hakuna atakayenihurumia. Basi nikatafuta kitu ambacho yeye hawezi kukikataa."

Bibi Rumaitha alisikia, na kilichomshangaza ni kwamba hakumchukia. Huu ulikuwa msiba wa kweli, wa mtu wa kweli, na ulikuwa umefichwa nyuma ya msiba wake yeye.

"Ungeniambia miti yako inakufa," akasema, "ningekwambia sharti la babu. Apitaye njiani achote kwa mkono wake. Lango liko wazi kila alfajiri, na ndoo ninayo. Ulitaka maji yaje kwako yenyewe."

"Ni mbali kubeba," akasema Shuraihi kwa sauti ya chini.

Khairata, aliyekuwa amesimama mlangoni na furushi lake, akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "Sisi sote tunabeba, mwanangu."

Inasemekana Shuraihi hakuonekana kwa muda. Kisha asubuhi moja ndani ya ukungu Bibi Rumaitha alisikia chuma cha ndoo kikigonga jiwe. Hakutoa sauti, naye Shuraihi hakutoa sauti. Alichota, akaondoka na mzigo wake polepole, akarudi kuchota tena. Miti mingine ilikufa. Mingine ikapona.

Ama Bibi Rumaitha, alirudi katika kazi yake ya kila siku, na bado usingizi wake ulikuwa mtupu, akauridhia. Mpaka siku moja ya joto, baada ya adhuhuri, aliketi chini kwenye mfereji karibu na wanawake wanaofua, akaegemea furushi la nguo za Khairata, na ile sauti ya pa, pa, pa ikamchukua.

Khairata alimwona akitabasamu hali amefumba macho. Akamwacha. Alipoamka, mashavu yake yalikuwa yamelowa na uso wake umetulia kama wa mtoto mchanga aliyeshiba.

"Ulikuwa unacheka nini?" Khairata akauliza huku akikamua shuka.

"Nimemwona."

Mikono ya Khairata ikasimama juu ya shuka. "Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa ametia miguu majini, anakula tende zake." Bibi Rumaitha akafuta macho yake bila haraka. "Hakuniomba kitu, Khairata. Amekaa tu na mimi."

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mwanawe, na awarehemu wote waliolikalia jiwe lile. Huzuni si dhambi, na kumlilia umpendaye si udhaifu wa imani. Lakini moyo unaolia huwa mlango ulioachwa wazi, na si kila aingiaye amekuja kutoa pole. Akikujia mtu akakuliza, kisha akakutaka uamue kabla hujakauka, na kila ukikauka akakuliza tena, keti kwanza mahali penye jua. Jambo la haki litakungoja. Ewe Mola wetu, tupe macho yanayolia kwa ajili yako, na akili isiyolowa pamoja nayo.